Kabla Hujaushtaki Mto

Nitrati ya fedha haina haya. Tone likikudondokea kidoleni hulioni. Unanawa, unakula wali maharage wako, unapanda daladala kutoka Mazimbu kwenda mjini, na ukishuka Msamvu jua limeshafanya kazi yake: kidole kimekuwa cheusi kama cha mtu aliyetoka kupiga kura. Sabuni haisaidii, wala jivu, wala ndimu. Doa linakaa mpaka ngozi yenyewe ijibandue. Mwaka wangu wa tatu chuoni nilitembea Morogoro na vidole vitatu vya namna hiyo kwa wiki mbili, na kwa ujinga wangu niliviona kama nishani.

Nilikuwa napima maji ya mto Ngerengere. Mto huo unashuka kutoka Uluguru, unaingia bwawa la Mindu ambalo mji unalitegemea kwa maji ya kunywa, kisha unatoka na kuuzunguka mji, ukipita jirani na viwanda na mabonde ya mchicha, unakwenda zake mashariki kuungana na Ruvu. Na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo anayepima Ngerengere anapima, kwa mbali, bilauri ya mtu wa Kinondoni. Hilo lilinipanda kichwani. Nilikuwa na umri wa miaka 22, nimetoka Tabora kwenye tumbaku, nimepewa koti jeupe na ufunguo wa kabati la vioo, na nilitaka kupata kitu. Tena nilishajua nitakipata wapi. Kulikuwa na kiwanda fulani kando ya mto ambacho sitakitaja jina, kwa sababu ambayo itaonekana.

Nikachota maji kwenye vituo vitano, viwili juu ya kiwanda, vitatu chini yake. Chupa zangu nilikuwa nimezisafisha kwa bidii ya kupindukia: sabuni, maji ya bomba, halafu nikazisuuza kwa asidi ya hidrokloriki, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba chupa za sampuli huoshwa kwa asidi. Nilichosoma kilihusu upimaji wa risasi na zebaki. Mimi nilikuwa napima kloridi. Mwenye kemia kidogo kichwani ameshaanza kucheka.

Kwa asiye nayo, kazi yenyewe huenda hivi. Unafyonza mililita 50 za maji ya mto kwa pipeti, unayaweka kwenye chupa ya koni, unatia matone machache ya kromati ya potasiamu na maji yanageuka manjano kama mkojo wa asubuhi. Juu yake, kwenye bureti, kuna nitrati ya fedha. Unafungua bomba polepole. Kila tone linapoanguka hutoa wingu jeupe, fedha imekamata kloridi. Mkono wa kushoto unashika bomba, wa kulia unatikisa chupa kwa mzunguko bila kupumzika. Baada ya muda pale tone linapoangukia panawaka wekundu, unatikisa, unapotea. Tone jingine, wekundu, unapotea. Hapo mtu huacha hata kumeza mate. Ghafla wekundu hauondoki, maji yote yamekuwa na rangi ya tofali bichi lililoanza kuiva, maana yake kloridi imekwisha na fedha imehamia kwenye kromati. Unasoma bureti. Yangu ilisoma 14. Kituo cha pili 13 na nusu. Cha tatu, chini ya kiwanda, 14 na ushee.

Niliona namba kubwa, nikafurahi. Sikujiuliza kwa nini maji ya juu ya kiwanda yalikuwa machafu karibu sawa na ya chini. Niliandika rasimu ya hitimisho jioni ile ile, nikaweka neno "uchafuzi" mara nne kwenye ukurasa mmoja.

Fundi wa maabara alikuwa mzee wa Kiluguru, na sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote. Alichukua daftari langu, akaangalia safu za namba, akavua miwani.

"Mtani," akasema, "watu wanasema Morogoro ni mji kasoro bahari. Naona wewe bahari umeshatuletea."

Nikacheka kwa heshima. Hakucheka.

"Blanki yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilijua neno hilo darasani, nilishalijibia mtihani, nikapata alama zangu. Mzee hakusema zaidi. Alikwenda kwenye dumu la maji yaliyokenekwa, yale ambayo mtaani huitwa maji ya betri, akajaza moja ya chupa zangu safi, akaifunga, akaitikisa, akaiacha mezani muda wa kunywa chai. Aliporudi akafyonza mililita 50, akatia kromati, akanisogezea kiti. Maji yale hayakuwa yameuona mto. Yalipaswa kugeuka rangi kwa matone machache tu, robo ya mililita hivi. Nikafungua bomba. Wingu jeupe. Wingu jeupe tena. Mililita moja, tatu, sita. Mzee akaenda dirishani kuangalia mlima. Rangi ya tofali ilikuja bureti iliposoma 11.

Kati ya 14 nilizokuwa nimezikuta mtoni, 11 zilikuwa zangu. Asidi niliyosuuzia chupa na kutoiondoa vizuri ni kloridi tupu. Kiwanda nilichokiandalia hukumu hakikuwa na kesi yoyote mezani kwangu, na mto ule nilikuwa nimeusingizia.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba blanki ndiyo kifaa cha thamani kuliko vyote katika maabara, na hakinunuliwi. Ni sampuli isiyo na kitu ambayo unaipitisha njia ile ile, chupa zile zile, mikono ile ile, siku ile ile. Chochote itakachoonyesha ni chako. Ukishakijua unakitoa, kinachobaki ndicho cha mto. Wageni wakija idarani huomba kuonyeshwa mashine, na ni haki yao, mashine zinapendeza kupiga nazo picha. Hakuna aliyewahi kuomba kuonyeshwa dumu la maji ya kukeneka.

Nilichelewa kuona kwamba hata mahali penyewe tulipokuwa tunasomea palikuwa na historia ya namna hii. Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, mwaka mmoja baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi wakikataa elimu waliyopangiwa. Shule ikaanza mwaka 1978, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22, umri ule ule niliokuwa nao mimi nikisuuza chupa kwa asidi. Zikajengwa nyumba, madarasa, hospitali, kiwanda cha samani, kituo cha watoto, kwa nguvu za wakimbizi wenyewe na za mafundi wa Kitanzania, na kwa fedha za marafiki wengi, nchi za Skandinavia na Uholanzi zikiwa mstari wa mbele. Mwaka 1992 waliondoka wakaikabidhi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na makaburi ya waliofia hapa yapo hapa hapa, ukitoka maabara unaweza kwenda kwa miguu.

Sasa fikiria serikali ya makaburu ilivyokuwa ikipima. Mwaka 1953, Verwoerd akiwa waziri wa mambo ya Waafrika, alihoji kuna faida gani kumfundisha mtoto mweusi hisabati ambayo hataitumia. Wakaitungia sheria hoja hiyo. Wakampa mtoto shule isiyo na vitabu, mwalimu aliyeandaliwa nusu nusu, darasa lililofurika, sayansi bila hata bika moja, halafu wakamtahini. Alipofeli wakaandika hitimisho kuhusu mtoto. Hawakupitisha blanki. Uchafu wa chupa yao waliuandika kwa jina la maji.

Mazimbu, kwa macho ya mkemia, ilikuwa chupa nyingine. Vijana ni wale wale, wengine wamekuja na majeraha na jinamizi, lakini hapa hisabati na sayansi ziliwekwa katikati ya ratiba na mitihani ikawa ile ya Chuo Kikuu cha London. Si wote waliofaulu. Kulikuwa na walioshindwa, na waliokata tamaa kwa uchungu wa nyumbani, ingekuwa uongo kusema vinginevyo. Ila wapo waliotoka hapa wakaenda vyuo vikuu vya ng'ambo wakasoma hayo hayo waliyoambiwa hayawafai. Ninapopita kwenye majengo yale ya chini yenye miti mikubwa, mlima Lupanga ukiwa umejifunika wingu kwa nyuma, huwa nawaza kwamba jaribio lile lilifanyika hapa na jibu lilipatikana kabla sijazaliwa.

Mimi mwenyewe, pamoja na kuijua hadithi hiyo, nilirudia kosa lile. Tena nikiwa mwalimu.

Miaka ya 2013 hadi 2015 nchi nzima tulikuwa tunachangia maabara: kila shule ya sekondari ya kata iwe na chumba cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia. Shule yangu ilipata vyumba, meza za zege na kopo moja kubwa la sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya watengeneza sabuni. Nikawapanga kidato cha nne wafanye titresheni, asidi kwenye bureti, besi mililita 25 chini, matone mawili ya kiashiria cha POP, waridi ikipotea soma. Kwa hesabu zangu jibu lilikuwa 25. Wakaniletea 21.4, 21.3, 21.5. Meza zote kumi na mbili. Nikawasema. Niliwaambia hawana umakini, mawazo yao yako kwenye simu, kizazi hiki hakijui kutulia. Binti mmoja wa meza ya nyuma, asiyekuwa na kawaida ya kuongea, akanyoosha mkono:

"Madamu, mbona sote tumekosea sawasawa?"

Kopo lilikuwa limekaa wazi mwezi mzima. Kostiki ikikaa wazi inakunywa unyevu wa hewa na kufyonza hewa ukaa, chembe zinashikana kama sukari guru, ukipima gramu nne unakuwa umepima na maji ndani yake. Myeyusho wangu ulikuwa dhaifu tangu naukoroga. Watoto walikuwa wamesoma bureti kwa usahihi wa kuniaibisha. Darasa zima likikosea kwa kiasi kimoja, mkosaji yuko mbele ya ubao. Kesho yake asubuhi niliwaomba radhi, na nikiri kwamba ilinichukua usiku kucha kuamua kama nifanye hivyo, maana mwalimu anayeomba radhi huogopa hatarudishiwa kiti chake. Walinirudishia.

Kosa langu kwa mdogo wangu ni gumu zaidi na nitalisema kwa kifupi. Kwa miaka nilimhesabu mvivu. Kila mwezi ujumbe wa kuomba hela, ya mbolea, ya mtoto, ya dawa, na mimi natuma huku nanung'unika kwamba tumezaliwa tumbo moja, yeye ana nini. Siku moja nikiwa Tabora msibani, shangazi akasimulia bila nia yoyote kwamba mwaka niliochaguliwa kidato cha tano marobota ya tumbaku yalikuwa machache, baba akasema mmoja asome, na mdogo wangu akasema Dada aende. Alikuwa darasa la saba. Nilikuwa nampima mwanamume yule kwa bureti aliyoilipia yeye.

Nimerudi Mazimbu kwa masomo ya uzamili, mtu mzima kati ya vijana wanaoniita Mama. Mzee wangu ameshastaafu. Vijana huniuliza swali moja: hapa kuna nini cha kutafiti, vifaa vyenyewe viko wapi? Wanalinganisha na maabara wanazoziona kwenye video za Marekani. Siwalaumu. Kuna siku umeme unakatika katikati ya kipimo na kazi ya asubuhi nzima inakwenda na maji. Kuna kemikali unayoagiza ukahitimu kabla haijafika. Mashine ya AAS, ile ya kupima madini, inakula gesi ya asetilini kama ya mafundi wa kuchomea vyuma, na kila madini yana taa yake: taa ya zinki haikuonyeshi risasi, taa ya risasi haikuonyeshi kadimiamu. Taa ikiungua, madini hayo yanatoweka kwenye utafiti wako. Nimewahi kuona pendekezo la utafiti limebadilishwa kutoka kadimiamu kwenda shaba kwa sababu hiyo tu. Fedha za kununua taa zitafutwe, na zitafutwe kwa kelele. Kufundisha watu kuridhika na upungufu si sayansi, na sipendi kusikia ukisifiwa kana kwamba ni ubunifu.

Ila ukiniuliza cha kutafiti, geuza shingo. Kabeji na njegere za Mgeta hushuka mlimani zimepuliziwa dawa, na zikifika sokoni hakuna anayeuliza zilipuliziwa lini. Mahindi na karanga zetu zina sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kuipima ni kazi ya kemia kuanzia namna ya kuchota mbegu kwenye gunia mpaka tone la mwisho. Milima ya Uluguru ina mimea isiyoota kwingine duniani na wazee wanaoijua kwa majina. Hata mashine si lazima iwe ya kwanza. Mrusi Tsvet, ambaye jina lake kwa Kirusi maana yake ni rangi, alitenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuzipitisha kwenye bomba la kioo lililojazwa unga wa chokaa, na mashine za bei mbaya za kromatografia leo ni wajukuu wa bomba lile.

Kuhusu wazee wanaoijua mimea, nimeshuhudia jani likihukumiwa. Kikundi chetu kililichemsha kwa saa mbili, kikapima, hakikukuta kitu, kikaandika kwamba halina nguvu. Tulipomrudishia habari bibi aliyetuonyesha, alituangalia kwa huruma: "Nani amewaambia mlichemshe? Hilo linalowekwa." Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikwama pale pale alipokuwa akitafuta dawa ya malaria. Majani ya pakanga hayakuleta matokeo ya kuaminika mpaka aliporudi kwenye maandishi ya kale ya tabibu Ge Hong, yaliyosema jani lilowekwe na kukamuliwa, akagundua kwamba moto ndio ulikuwa unaiharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Artemisinini ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sidai kwamba jani la bibi yetu ni la Nobel. Nasema tulilihukumu kwa kosa la sufuria, na sasa linalowekwa upya, na bibi ameahidiwa kuletewa majibu yoyote yatakayotoka, hata yakiwa sifuri.

Hata panya wana utaratibu huu. Upande wa pili wa mji, kampasi kuu, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini na baadaye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya wanyama huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya wa kifua kikuu hupewa na makohozi ambayo tayari yanajulikana hayana ugonjwa, na akiashiria ugonjwa pale hapati ndizi. Ningekuwa panya, mwaka ule wa Ngerengere ningelala njaa.

Ngerengere niliirudia. Nikaosha chupa kwa maji ya kukeneka, nikachota upya vituo vile vile, nikatoa blanki. Kloridi juu na chini ya kiwanda hazikupishana kwa kiasi cha kuandikia barua. Ripoti yangu ilikuwa fupi kuliko zote darasani, na haikumshtaki mtu. Hilo halina maana kwamba mto ni msafi, maana kloridi ni kitu kimoja na mto unabeba vingi. Bado kuna kazi pale, na sipendi kuifanya peke yangu.

Kwa hiyo wewe unayekuja Mazimbu muhula ujao: njoo na daftari la jalada gumu, karatasi za kuchanika zinapotea. Lete viatu vya kufunika vidole. Ukiwa wa kike na nywele ndefu, lete kitambaa. Na kabla hujaandika namba yoyote ya mto, ya udongo au ya mchicha wa mtu, piga mstari, uache safu ya kwanza wazi.